Uso wa Kuuzia Mafuta

Chunusi haziui mtu. Niliambiwa hivyo na watu wengi, mpaka ikafika hatua nikawa nawasaidia kumalizia sentensi. Na ni kweli, haziui. Lakini nilichoka nazo kuliko nilivyowahi kuchoka na malaria. Malaria inakulaza, watu wanakuletea uji, kisha inaondoka. Chunusi zinakuacha umesimama. Unakwenda kazini, unasalimia watu, na kila unayemsalimia anakijibu kidevu chako. Naandika sasa kwa sababu wasichana wanakuja dukani kuniuliza, nami siwezi kueleza yote huku wateja wanangoja. Ninawafikiria hasa wale ambao dawa iliwasaidia kisha ikawageuka. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Duka letu liko mtaa wa Jabe, karibu na soko. Tunauza mafuta ya kupaka, sabuni, manukato, na hina wakati wa harusi. Mama alianza na meza na mwavuli. Siku hizi kaka yangu Idi ndiye anayeliendesha, na ana depo ndogo Zone Industrielle, eneo la viwanda, anakoweka katoni. Mimi nilikuwa wa kaunta. Nilikuwa nimevuka thelathini, sijaolewa, naishi kwa Mama, na ile kaunta ndiyo kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyeniuliza nimekipataje au nitakiacha lini. Nilijua nani anatafuta mafuta ya mtoto mchanga na nani anatafuta harufu ya kumkera mke mwenzake. Wanawake walikuwa wakija asubuhi kununua sabuni, wanaondoka adhana ya alasiri ikilia.

Kuna desturi moja lazima niieleze. Jabe mteja hanunui mafuta kwa kuangalia kopo. Ya bandia yamejaa mjini, kopo ni lilelile, ndani kuna kitu kingine. Kwa hiyo anasema, "Paka kwanza nione." Muuzaji anafungua kopo la kuonyesha, anachota kidogo, anajipaka shavuni mbele ya mteja, na wote wawili wanasubiri. Yakiingia vizuri, bila kuwasha na bila kuacha weupe, biashara imekwisha. Mama alifanya hivyo tangu enzi za mwavuli, nami nilijifunza kwake. Kwetu ni sehemu ya kazi, sawa na kufagia mlangoni.

Chunusi zilianza wakati wa mvua. Sizungumzii vile viwili vitatu vya kabla ya hedhi. Hizi zilikuwa ngumu, zimejificha chini ya ngozi pembeni mwa taya, zinauma hata nikifunga ushungi. Nililala chali kama maiti. Nilipaka limau, likaniunguza. Nilipaka asali, sisimizi wakanifuata kitandani. Shangazi yangu alisema nikiolewa zitaisha, na nilipomuuliza mume atatoka wapi na uso huu, alisema nisikufuru.

Dukani mambo yaliharibika haraka. Mteja anasema paka nione, nami nikiinua mkono kuelekea uso wangu, yeye mwenyewe ananizuia. "Apana, wacha, dada. Nitarudi kesho." Hakurudi mtu. Idi aliangalia hayo kwa wiki kadhaa kisha akaniita pembeni.

"Zaina, mi sikuchukie," alisema. "Lakini muteja anaona sura yako, anarudisha kopo. Uende ukae depo kwanza."

"Depo nitafanya nini?"

"Utaangalia makatoni."

Mama ndiye aliyeniokoa. Alimwambia Idi anipe muda mpaka mvua ziishe, na kwa kipindi hicho yeye mwenyewe atakaa dukani kupaka. Mama ana magoti mabovu. Alikuwa anafika amekunja uso kwa maumivu, anakaa kwenye stuli, na mteja akitaka kuona, ninamsogezea kopo, anajipaka, anatabasamu. Mimi nasimama nyuma yake kama niliyekuja kutembea tu. Niliona haya kuliko nilivyoweza kumwambia mtu.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi. Chumba cha kusubiria cha watu wa ngozi kina adabu yake. Hakuna anayekohoa wala anayelia. Kila mtu anachagua kiti kulingana na upande unaoumwa, ili upande mzuri ndio uelekee watu. Mimi nilikuwa naumwa pande zote mbili, kwa hiyo niliangalia chini. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imekosekana tena, mabasi hayakuwa yanatoka, na watu waliingia wamelowa jasho la kutembea. Muuguzi alikuwa anaita majina kwa sauti ya chini, kama anatuonea huruma.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na uchovu mwingi. Aliniuliza chakula, hedhi, usingizi. Kisha akauliza, "Kwenye sura unapaka nini?"

"Akuna kitu, dokta."

Na kwa wakati ule ilikuwa kweli. Akanipa pomadi ya usiku na vidonge vya kumeza nikishakula. Akaniambia itakuwa mbaya kwanza, nisiogope, nisiache. Hilo la kuwa mbaya kwanza alilisema kwa upole, nami nilidhani ananitia moyo tu. Kumbe lilikuwa onyo. Ngozi ilikauka, ikabanduka kama kitunguu. Ile pomadi ilichuja rangi ya mito yangu na ya shungi zangu, kila kilichogusa shavu kikabaki na mabaka meupe. Nikisujudu, mkeka ulinichoma paji la uso. Nilihesabu wakati kwa masanduku ya vidonge: sanduku la kwanza nililia, la pili nilinyamaza, la tatu nikaanza kuangalia kioo bila kuzima taa kwanza.

Kiangazi kilipoingia, uso ulikuwa umetulia. Alama zilibaki, lakini ukipitisha mkono ni laini. Mama alirudi nyumbani kupumzisha magoti yake. Idi alinisimamisha mbele kabisa ya kaunta, karibu na mlango, kwenye mwanga.

"Sura imerudi," alisema. Alifurahi kweli, siwezi kumnyima hilo.

Na wateja wakaja. Wale walioniona nikiwa na vipele walitaka kujua nimefanya nini. Niliwaambia nilikwenda kwa daktari, wakacheka, wakadhani nawaficha. Walichokiamini ni kile walichokiona kwa macho. "Paka kwanza nione," na mimi napaka. Idi alileta mafuta mapya, mazito, ya kuzuia vumbi la kiangazi, yakauzika kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka kwenye rafu. Nilikuwa napaka asubuhi, napaka mchana, napaka kabla ya kufunga. Nilijisikia mtu tena. Jioni nanawa, napaka pomadi ya daktari, nameza kidonge, nalala.

Vipele vilirudi, kwenye mashavu. Safari hii taya ilikuwa salama, mashavu ndiyo yaliyofura, pande zote mbili, vidogo vidogo vingi. Mwanzo nilisema ni vumbi. Halafu nikasema ni joto. Kisha nikakubali kwamba dawa imekataa.

Aliyewahi kufika hapo anaelewa. Kuumwa bila dawa kuna tumaini lake, unajua iko mahali unaitafuta. Kuumwa ukiwa na dawa mkononi, dawa uliyoiamini, ile iliyokufanya ujitazame kiooni mchana kweupe, hiyo inavunja moyo. Niliongeza kiasi cha pomadi, uso ukawa mwekundu, unawaka hata kwa maji. Kila mtu alikuwa na maelezo. Mama alisema mwili umeizoea dawa. Shangazi alisema mtu ameniangalia kwa jicho baya, na kwa kweli nilikuwa na watu kadhaa akilini.

Nilirudi kwa daktari. Nikasubiri. Akauliza yaleyale, na alipofika pale, "Kwenye sura unapaka nini?" nikajibu, "Dawa yako tu." Akabadilisha vidonge. Hivyo vipya vilinitia kichefuchefu, nilikuwa nafungua duka na limau mkononi nalinusa. Miezi ikapita, dukani bado najipaka kwa wateja wasiojali vipele, na uso haubadiliki. Nikarudi tena, nikasubiri tena, akaniuliza, nikamjibu vilevile. Akaongeza nguvu ya pomadi. Akaniambia, "Subira, mama." Nilimchukia kidogo siku ile, naye alikuwa ananitendea mema.

Nyumbani tukaanza kunyimana maneno. Idi hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alianza kumleta dukani Rehema, binti wa mjomba wetu, mwenye ngozi kama ya mtoto, eti aje anisaidie. Rehema hajui kutofautisha mafuta ya mgando na ya maji, lakini hana hata kipele. Nilimuuliza Idi mbele ya Mama anakusudia nini. Akasema Idd ikipita, Rehema anashika kaunta, mimi naenda depo, na safari hii hakuna cha kungoja mvua.

"Nimekungoja mwaka muzima, Zaina," alisema. "Duka njo inatulisha sisi wote."

Mama aliendelea kupepeta mchele. Siku zile vidonge nilivisahau, pomadi nilipaka nikikumbuka, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kujionea huruma kulikuwa kazi. Nilienda kwa daktari mara ya mwisho kwa sababu tu siku ilikuwa imeshapangwa.

Kwenye chumba cha kusubiria alikaa karibu nami mama mmoja mnene mchangamfu, ametoka mtaa wa Musaga, amemleta mwanaye mkubwa mwenye mba. Aliniangalia, akaniangalia tena.

"Si we wa pale Jabe? Duka ya mafuta?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakubali.

"Nilikuambiaka!" alimwambia mwanaye. "Ule njo anajipakaka yeye mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Mi nilikaa pale dukani yako nikingoja mvua ipite. Ukajipaka kwa mama mumoja, ukajipaka kwa mwengine, na mwengine tena. Nikasema, ngozi ya huyu dada inakula mafuta kama chapati."

Nilicheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Kisha nikajiona kama alivyoniona yeye, nimesimama kwenye mwanga wa mlango, nachota na kupaka, nachota na kupaka, shavu hili kisha lile. Nikashika mashavu yangu. Nikakumbuka kwamba wakati dawa inanisaidia, aliyekuwa anapaka dukani ni Mama.

Muuguzi akaita jina langu. Daktari akafungua faili langu, akauliza chakula, hedhi, usingizi. Akafika pale pale.

"Kwenye sura unapaka nini?"

Nikamweleza. Duka, kopo la kuonyesha, wateja, mafuta mapya mazito ya kiangazi. Aliweka kalamu chini.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea wateja, dokta."

Alivua miwani, akajifuta macho. "Muda wote huu ninakuuliza, mama."

"Uliniuliza kile ninachopaka," nilimwambia. "Ile ni kazi."

Sikuwa namfanyia mzaha. Ndivyo ilivyokuwa kichwani mwangu. Ukimuuliza mpishi wa hoteli amekula nini leo, hatakutajia kila chungu alichoonja. Daktari akacheka polepole, nami nikalia, na nadhani sote tulikuwa tumechoka sawasawa. Alinirudisha kwenye dawa ya kwanza kabisa. Akasema haikuwahi kushindwa, nilikuwa naizika chini ya mafuta kila asubuhi. Usoni kisiguse kitu kingine chochote. Na nisitegemee muujiza wiki hii wala ijayo.

Nilifikiri nikirudi nyumbani na habari hiyo watafurahi. Idi alikunja mikono.

"Sasa muteja atajua vipi kama mafuta iko muzuri?"

"Nitapaka kwenye mukono."

"Mukono ni ngumu, Zaina. Kila kitu inaingia kwenye mukono. Wanataka sura."

Na Mama, ambaye nilimtegemea, aliumia. Alisikia kama ninasema desturi yake ndiyo iliyoniharibu. "Mi nimepaka maisha yangu yote," alisema, "na sikupata hata kimoja." Alisema hivyo kisha akaenda kutia udhu, na hakurudi sebuleni. Nilijaribu kumweleza kwamba ngozi zinatofautiana. Alinijibu kupitia mlango kwamba amesikia.

Basi nikaenda depo. Idd ilipita, Rehema akashika kaunta, na mimi nikawa mtu wa katoni. Zone Industrielle hakuna anayemtazama mtu. Kuna malori, kuna harufu ya sabuni na ya bia inayochachuka, kuna wapakizi wanaotaka sahihi waondoke. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mlango wa chuma, uso mkavu, hauna kitu, na nilimwonea Rehema wivu mpaka nikaona aibu. Kila jioni niliuliza nani alikuja leo. Rehema alisema, "Wamama." Hakuwajua majina.

Dawa ilianza upya na mimi nikaanza upya nayo. Kubanduka, kuwaka, mabaka kwenye shungi. Nilikuwa najua njia sasa, lakini kujua njia hakufupishi safari. Kuna siku nilikuwa na hakika kwamba hata hili la mafuta lilikuwa kujidanganya. Kama uko hapo leo, sina neno tamu la kukupa. Ninaloweza kukuambia ni hili: kabla ya kusema dawa imekataa, kaa chini ufikirie kila kinachogusa uso wako tangu unapoamka, hata kile usichokihesabu kwa sababu ni kazi, au ni heshima, au ndivyo mlivyolelewa. Kisha mwambie daktari, hata kama hajauliza vizuri. Na umtafute mtu mmoja asiyeutazama uso wako anapoongea nawe. Mimi nilikuwa na dereva wa lori la Idi, mzee kiziwi kidogo, aliyekuwa anaangalia midomo yangu tu. Nilimpenda bure.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mama alikuja depo. Alipanda lori la katoni, na magoti yale, akashushwa na wapakizi kama kiti. Alisema ameniletea chakula. Alikaa akinitazama nikila wali na ndagala, dagaa wa ziwani, kisha akanishika kidevu, akakigeuzia mwanga wa mlangoni, huku na huku, kama anavyofanya akinunua nyanya.

"Imepoa," alisema.

"Alhamdulillah."

"Mama yangu mimi alikuwa na ngozi kama ya kwako," alisema. "Alikuwa anaumwaumwa. Nilisahau." Alikusanya vyombo, na mimi nikamsindikiza kwenye lori.

Baada ya hapo Idi naye akaja. Rehema alikuwa amewachosha wateja. Kila anayeingia alimuuliza mimi niko wapi, na wengine wakaanza kununua kwa majirani. Idi alinitazama kwa jicho la biashara, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sura imerudi. Rudi kaunta."

Niliingojea sentensi hiyo kwa muda mrefu mno. Nilisimama palepale, nikaogopa kwamba nikifungua mdomo ataibadilisha. Nikafungua hata hivyo.

"Nitarudi. Lakini sura hii haitapakwa kitu tena."

"Na muteja akisema anataka kuona?"

"Kama hautaki, niko na makatoni yangu."

Aliweka funguo za duka juu ya katoni, akaondoka. Asubuhi iliyofuata nilifungua duka. Mama aliomba kuja, akakaa kwenye stuli yake. Idi alikuwa nyuma anapanga rafu, lakini nilijua anasikiliza. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja mfanyakazi wa serikali, mteja wetu wa siku nyingi, mkali wa maneno. Alinisalimia kwa furaha, akachagua kopo, akalisogeza mbele yangu.

"Paka kwanza nione."

Nakuambia ukweli, mkono wangu ulienda. Uliinuka wenyewe, ukafungua kopo la kuonyesha, ukachota. Niliitaka ile kaunta kuliko kitu chochote, na nilijua namna moja tu ya kuishika. Mafuta yalikuwa kwenye ncha za vidole vyangu, na shavu langu lilikuwa karibu sana.

"Kaka," niliita. "Kuja. Leta shavu."

Idi aligeuka. Alimtazama mteja, akanitazama mimi, akamtazama Mama kama mtu anayetafuta wa kumtetea.

"Idi," Mama alisema, "muteja anangoja."

Akaja. Aliweka mikono yake kwenye kaunta, akainama, akafumba macho. Nikampaka kaka yangu shavu zima, kuanzia sikioni hadi kwenye ndevu, taratibu, bila haraka, mpaka mteja akaridhika.